Ualimu au useremala?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne hapa Kisumu. Wazazi wanataka asomee ualimu. Moyo wake uko kwenye mbao. Ualimu una heshima, na ukishaajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, mshahara huingia kila mwezi, tena kuna pensheni. Lakini kwanza usome chuo, usajiliwe, kisha ungoje nafasi zitangazwe, na wengi hungoja miaka.

Useremala hauna uhakika huo. Mwezi mwingine mteja haonekani. Ila nimemwona mpwa wangu pale soko la Kibuye akipiga randa ubao wa mvule: anasimama, anapapasa ukingo kwa kidole gumba, anarudia bila kuambiwa. Hesabu hajawahi kuirudia hivyo! Mimi ningempeleka chuo cha ufundi, apate cheti cha kazi anayoipenda.