Mkopo wa sacco kununua ploti ya zamani Kahawa West: uzoefu wangu

Nilianza na benki, na huko sikukaa. Mthamini wao nilimlipa mimi, akaja akapima ploti, nyumba sita za kupangisha, vile ilivyo, mabati imeoza, vyoo viwili vya kushea, halafu benki ikasema itakopesha kulingana na hiyo bei tu, mambo ya kurepea nijijue. Sasa mtu ananunua nyumba mbovu si ndio airepea?

Nikarudi kwa sacco yetu ya kazini, ile ya kuweka akiba na kukopeshana. Akiba yangu ilikuwa 900,000 na wao wanatoa mara tatu, so nikapata milioni 2.7 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inahesabiwa kwa deni lililobaki, miaka mitano. Hapo sina maneno mabaya, riba ni nafuu na hawakuuliza ploti iko na mabati ya aina gani. Shida ni magaranta, wale wa kukudhamini. Nilitafuta watu sita, mmoja akasaini, wiki ya pili akaniambia bibi yake amekataa, na kusema ukweli simlaumu, nikikosa kulipa ni akiba yake inakatwa. Hiyo ilinirudisha nyuma karibu mwezi mzima na muuzaji anapiga simu kila asubuhi.

Bei ilikuwa milioni 5.2. Nilikuwa na 3.2 ya shamba niliyouza, nikajumlisha na ya sacco nikaona nimebaki na laki saba za fundi, safi kabisa. Wapi! Stempu duti, ushuru wa kuhamisha ploti kwa jina lako, Nairobi ni asilimia 4, hiyo ni 208,000 imeenda, wakili naye ako na yake, sachi ya kuangalia hati, hapa na pale, nikajikuta na laki nne na kitu. Na ramani ya kichwa changu ilikuwa kutoa hizo singo sita, rumu moja moja, nifanye bedsita, kila moja na choo chake na mita yake ya stima ya tokeni. Paipu peke yake ilinimaliza. Chama, kile kikundi chetu cha kuchanga pesa, ikanipa laki mbili, zingine nikatoa kwa mshahara kidogo kidogo, fundi anakuja wiki hii, wiki ijayo hayuko.

Kitu hakuna mtu aliniambia, au labda waliniambia sikusikia, ni kwamba sacco inaanza kukata mwezi unaofuata, haijali ploti iko tupu. 60,060 kila mwezi, miezi minne hakuna hata mpangaji mmoja. Karibu laki mbili na nusu imetoka kwa pesilipu nikiangalia simiti. Kama ningejua ningeziweka kando kwanza ndio nitafute ploti.

Na hata zikijaa zote sita kwa 9,000 ni 54,000, toa ushuru wa KRA wa asilimia 7.5, 4,050 hiyo, unalipa kufikia tarehe 20, nabaki na 49,950. Installment bado inanishinda na elfu kumi, na sijaongea juu ya keateka wa kuangalia ploti ama bomba ikipasuka.

Kwa kununua naipa sacco nyota nne. Kwa kurepea mbili, nikiomba topapu, pesa ya kuongezea mkopo, waliniambia nilipe kwanza nusu ya deni.

Saa hii nina wapangaji watano. Ile rumu ya nyuma ukuta bado unashika maji, fundi amesema Jumamosi.