Orodha ya Nyimbo 500 Bora ya Rolling Stone
Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipoiunda upya orodha yake mwaka 2021, liliwaomba wasanii, watayarishaji, wahakiki na waandishi zaidi ya 250 wapange kila mmoja nyimbo 50, kisha kura zikajumlishwa. "Respect" ya Aretha Franklin ikashika nafasi ya kwanza, huku "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan, iliyoongoza katika orodha ya mwaka 2004, ikishuka hadi ya nne, ingawa wimbo wenyewe haukubadilika hata noti moja. Utaratibu huo naupenda kuliko chati za mauzo, ambazo hupima pilikapilika za wiki moja tu. Hata hivyo, nyimbo za Kiingereza zimetawala kupita kiasi, na dai kwamba wimbo wa nafasi ya 312 unauzidi wa nafasi ya 340 halinishawishi hata kidogo.