Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita sawa, saa hapana

Nilipokuwa napanga safari ya Los Angeles hadi Sydney nilitumia kikokotoo cha umbali kati ya viwanja vya ndege. Unaandika LAX, unaandika SYD, jibu linatoka papo hapo: kilomita 12,051. Kwenye umbali sina malalamiko hata kidogo. Nimependa pia kwamba kinatoa maili za aina zote mbili, maana watu wengi huzichanganya: maili 7,488 za nchi kavu ndizo hizo hizo maili 6,507 za baharini, ambazo marubani huzitumia.

Ramani yake inachora mstari uliopinda. Si kosa. Chukua uzi uukaze juu ya tufe la dunia kutoka Dubai hadi Los Angeles, utaona unapanda mpaka jirani na Ncha ya Kaskazini, na hiyo ndiyo njia fupi.

Muda ndio ulioniumiza. Kiliniandikia saa 13 na dakika 53, kwenda sawasawa na kurudi. Nilikiamini kwa sababu tiketi huonyesha saa za mahali tu, na ukivuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika, hesabu inakuwa ngumu: niliondoka Jumatano usiku nikatua Ijumaa asubuhi, Alhamisi yote imenipita angani. Basi nikapanga saa za kumeza dawa kwa hesabu ya kikokotoo, dozi moja niimeze nikishatua. Tulikaa angani karibu saa 15. Saa ya dozi ilipofika bado tuko juu ya bahari, na dawa zipo kwenye begi nililokabidhi, chini kabisa ya ndege. Saa ile nzima sikutulia.

Kurudi tulitumia saa 13 na nusu hivi, viwanja vile vile.

Kikokotoo kinachukua umbali, kinagawanya kwa kilomita 900 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Upepo hakiuhesabu. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi inapita kilomita 160 kwa saa. Ukielekea Sydney unakwenda magharibi, kwa hiyo ni upepo wa omo, unakuzuia. Ukirudi ni wa tezi, unakusukuma. Mabaharia wamelijua hilo tangu enzi za matanga, kwa hiyo sioni kwa nini programu ya leo ilikose.

Kwa umbali nakipa nyota 5, kwa muda 2. Waandike saa za kwenda na za kurudi mbalimbali. Nawe mwenye dawa za kumeza kwa saa maalumu, muulize muuza tiketi saa za angani zenyewe, na dawa ziwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani.