Uzoefu wangu: ECU ya Marekani ndani ya GSX-R750 ya Uingereza, Nairobi

Pikipiki ni Suzuki GSX-R750 ya 2006 iliyoingizwa kutoka Uingereza. ECU (kompyuta ndogo inayoendesha injini) niliyoiweka ilitolewa kwenye 750 ya mwaka huohuo, ya soko la Marekani. Inafanya kazi vizuri na ningeinunua tena. Ila wanunuzi wengi hawaulizi inatoka wapi na inakwenda wapi. Kutoa ya Marekani na kuifunga kwenye ya Uingereza ni kazi ya asubuhi moja. Kinyume chake ni kupoteza pesa, isipokuwa umeuziwa pamoja na swichi ya ufunguo na funguo zake.

Tatizo ni immobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia wizi. ECU ya Uingereza husoma chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo kupitia antena inayozunguka swichi. Isipoitambua, injini haiwaki, hata uwe na betri mpya. ECU ya Marekani haina habari na chipu hiyo. Yenyewe hutafuta riziseta (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 100 iliyofichwa ndani ya swichi ya Marekani. Ukibaki na swichi ya Uingereza, riziseta hiyo lazima uiongeze mwenyewe kwenye waya unaotoka kwenye swichi kwenda ECU. Iunge kwa risasi ya kuyeyusha, ifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wala usiisokote kwa mkono. Mvua za Aprili zitakuonyesha kwa nini. Riziseta ikikosekana, pikipiki hugoma na dashibodi huonyesha C42, kosa lilelile la immobilaiza. Hapo ndipo fundi anaposema ECU imekufa, kumbe nzima.

Kabla ya kutoa hela Kirinyaga Road au Industrial Area, soma lebo. Namba ya ECU za Suzuki huanza na 32920, na zinazofuata lazima zilingane na modeli na mwaka. Kwenye vitabu vya Suzuki, E-02 ni Uingereza, E-03 Marekani, E-33 California, E-19 Ulaya, E-24 Australia na E-28 Kanada. Ya California ningeiacha, kwa sababu huja na mfumo wa kunasa mvuke wa petroli ambao pikipiki yako haina. Ya Ufaransa pia iangalie mara mbili: hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, pikipiki za huko hazikuruhusiwa kuzidi takriban nguvu farasi 100, kwa hiyo unaweza kununua ECU iliyobanwa. Na usikubali kuuziwa ya GSX-R600 ukiambiwa ni sawa tu, au ya 2008, ambayo ina swichi ya kuchagua nguvu A, B na C.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Toa waya hasi wa betri kwanza, fungua kufuli za plagi kwa vidole, usizing'oe kwa bisibisi. Usichomeke sindano nene kwenye matundu ya plagi kupima umeme, maana tundu likipanuka pini haishiki tena, na utapata hitilafu inayokuja na kupotea hadi uchoke.

Washa ufunguo. Pampu ya petroli inapaswa kulia kwa sekunde kama tatu, na mota ya vali ya ekzosi isikike ikizunguka. Dashibodi ikiandika CHEC, tulia. Mara nyingi ni swichi nyekundu ya kuzima injini iliyoachwa kwenye OFF, au fyuzi imekatika, au plagi haijaingia hadi mwisho. CHEC maana yake dashibodi haipati mawasiliano ya ECU, basi.

Kisha tafuta plagi nyeupe ya ukaguzi chini ya kiti na uunganishe waya mweupe wenye mstari mwekundu na mweusi wenye mstari mweupe. Dashibodi itaonyesha namba za hitilafu. C00 ni salama. C28 ni mota ya vali ya pili ya hewa, C46 ni vali ya ekzosi, na C23 ni sensa ya kuanguka. Hiyo ya mwisho ipime kwa kipima volti: ikiwa wima itoe volti 0.4 hadi 1.4, ukiilaza nyuzi 65 ipande hadi 3.7 au zaidi. C44 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Huibuka ukiweka ECU inayoitafuta kwenye pikipiki isiyo nayo. Mimi sensa yangu nimeiacha mahali pake ili tundu lisivuje.

Kuna anayeogopa kwamba ECU ya ng'ambo haitaelewa hewa nyepesi ya Nairobi, tulipo mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Haijalishi imetoka nchi gani: ina sensa ya shinikizo la hewa na hupunguza petroli yenyewe. Wala mita ya kilomita haibadiliki, kwani hesabu hiyo inakaa kwenye dashibodi. Maili za Uingereza zitabaki maili.

Upungufu mmoja ni mkubwa. Baada ya kuweka ECU ya Marekani, pikipiki haina immobilaiza tena, na mwenye kujua nyaya anaweza kuondoka nayo. Nunua mnyororo mnene na kufuli ya diski, na ECU ya awali ihifadhi na funguo zake; anayekuja kuinunua pikipiki atazidai.