Bodi ya kutumia na betri: angalia kwanza kile kichipu cha miguu mitatu

Nimepoteza vifaranga 11 usiku mmoja, ndo maana naandika hii. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, taa ya bruda (kile kibanda cha kuwapa joto vifaranga) ikizima wanarundikana kona moja wanakandamizana mpaka wa chini wanakufa, kwa hiyo nikatengeneza kifaa cha kunitumia meseji Telegram joto likishuka chini ya 30. Sensa ya joto ya DS18B20, bodi ya ESP32 (kikompyuta kidogo chenye waifai unachokiandikia programu), betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara), na kamifi kangu, kale kakifaa ka intaneti ya waifai, ambako kana betri yake. Mchana nilikijaribu kwa waya wa laptop kikafanya kazi vizuri sana. Usiku umeme ukakatika, meseji haikuja. Asubuhi nimeingia bandani nikakuta walivyolala pale chini, mpaka leo roho inauma.

Kuja kuchunguza, programu haina kosa lolote. Nikiweka betri taa ya bodi inawaka, ikijaribu kushika waifai inazima inaanza upya, inazima inaanza upya, hivyo hivyo mpaka uchoke.

Kumbe tatizo ni kichipu kimoja kidogo cheusi, miguu mitatu upande mmoja na kibati kipana upande wa pili, kinakaa jirani na soketi ya USB, kimeandikwa AMS1117. Hiyo ndo regyuleta, kazi yake kuzishusha volti 5 za USB ziwe 3.3. Sasa ili itoe 3.3 wakati bodi inavuta umeme mwingi, lazima iingiziwe kama volti 1.1 zaidi, yaani 4.4. Betri ya lithiamu ikijaa kabisa ina 4.2! Hata ikiwa imejaa haifiki, na ikishuka kwenye 3.7 ambapo ndo inakaa muda mrefu, ESP32 inabakiwa na 2.6 hivi wakati moduli yake inataka angalau 3.0, halafu waifai inapowaka inavuta umeme kwa mkupuo, hapo lazima ijizime. Na bado, AMS1117 yenyewe inakunywa kama miliampia 5 hata ESP32 ikiwa imelala. Watu wanaisifia ESP32 kwamba ikilala inatumia maikroampia 10, ni kweli, ila hiyo ni chipu tupu bila bodi. Piga hesabu, betri ya miliampia-saa 2,500 (mAh) ukiigawa kwa 5 ni saa 500, siku 20 betri imeisha na hakuna kazi yoyote iliyofanyika. Maelezo ya dukani hayasemi hili, yanakwambia spidi na memori tu.

Kwa hiyo mimi spidi na memori siziangalii kabisa, zote zina za kutosha kusoma joto. Nauliza kitu kimoja, bodi inaweza kukaa na betri moja ya lithiamu usiku kucha bila kuyumba?

Namba moja ni Raspberry Pi Pico W, na sifichi kwamba naipenda. Yenyewe haina AMS1117, imewekewa regyuleta ya aina nyingine kabisa inayoweza kushusha volti na kupandisha pia, unaingizia pini ya VSYS chochote kati ya 1.8 na 5.5 na yenyewe inatoa 3.3 ile ile. Betri ijae, betri ielekee kuisha, Pico haijali. Kuweka MicroPython, lugha ya kuiandikia bodi programu, ni rahisi mno, unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka waya, inatokea kwenye kompyuta kama flashi, unaburuta faili basi, hakuna kuhangaika na draiva. MicroPython yenyewe ni bure na msimbo wake (code) uko wazi. Chukua ile yenye pini tayari kama huna mkono wa kuchomelea. Na ukitaka betri na USB viwe vimechomekwa kwa pamoja weka dayodi (kile kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya betri na VSYS, hilo usiliruke. Udhaifu wake ni kwamba kulala hailali sana kama ESP32, kwa kifaa cha miezi mingi bila chaji sio chaguo, ila kwangu mimi nayechaji kila baada ya siku chache inatosha.

Namba mbili ni ESP32 zilizotengenezwa kwa ajili ya betri, kama FireBeetle ya DFRobot au XIAO ESP32C3 ya Seeed, zenyewe zinachaji betri hapo hapo. Hizi ndo za kifaa cha kukaa shambani muda mrefu.

ESP32 ya kawaida ya sokoni, ile niliyonunua mimi, ni nzuri kama itakaa kwenye chaja ya ukutani. Usijidanganye na pawabenki, nyingi zikiona umeme unaotumika ni mdogo zinajizima zenyewe. Bodi za Arduino Uno za kopi ni za kujifunzia, waifai hazina, tuendelee.

Sasa wauzaji. Aliyeniuzia nilimuuliza kabisa, kaka hii inakubali betri? Akanijibu, dada zote ni zile zile, ESP32 ni ESP32. Nimeirudisha ananiambia imeshachomekwa hairudi, elfu 28 ikaenda hivyo. Duka hilo hilo wanauza betri za 18650 zilizoandikwa mAh 9900, wakati betri halisi ya saizi ile hata 4,000 ni shida kufika, na wanauza bila aibu kwa wanafunzi wanaojibana kununua. Pico W ilitoka 2022 kwa dola 6, mimi nimeulizwa elfu 45, najua kuna usafiri na ushuru ila karibu mara tatu kweli?

Unaponunua kwa simu, usitume hela mpaka utumiwe picha ya karibu ya bodi unayoletewa wewe, uweze kusoma maandishi ya kile kichipu. Wengi wanatuma picha ya mtandaoni inayofika ni nyingine. Na kama wewe ni muuzaji na una Pico W za bei ya kueleweka niambie, nataka mbili, moja bruda ya pili na nyingine tenki la maji.