Uzoefu wangu: mpira wa mafuta na chujio la maji kwenye mashine kuukuu ya boti ya HP 15

Nilichofunga ni vitu viwili: mpira mpya wa mafuta wa mm 8 wenye kipira cha kuminya katikati, na chujio la kutenga maji lenye kikombe kinachoonyesha ndani. Mashine ni ya HP 15, silinda mbili, ile ya zamani ya kuchanganya oili kwenye petroli, kwenye mtumbwi wa mbao unaotokea Kayenze, Ziwa Victoria. Tatizo lake wengi mnalijua: inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi hivi, inapungua nguvu, inazima. Ukiminya kipira mara tano sita inawaka kama haikuwa na shida. Ukisimulia hivyo ufukweni utaambiwa ununue kabureta. Usinunue bado.

Kipira chenyewe kinakupa jibu. Mashine ikianza kufa, mwenzako akishike. Kikiwa kimenywea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa, njia imeziba upande wa tanki: ama skrubu ya hewa kwenye kifuniko haikufunguliwa (usicheke, ndiyo sababu ya kwanza), ama wavu mdogo kwenye bomba la kunyonyea umejaa uchafu. Kikiwa laini lakini na umbo lake, na ukikiminya mashine inaamka, basi kuna mahali panavuta hewa au kiwambo cha pampu ya mafuta kimechoka. Kikiwa kigumu na mashine inakufa vilevile, mafuta yamefika. Hapo ndipo pa kufungua kabureta au kuangalia moto wa plagi.

Yangu ilikuwa inavuta hewa, na hewa ndiyo inayosumbua kuitafuta. Ukiminya kipira, presha inakwenda mbele tu, kuelekea mashine. Kipande cha kutoka tanki hakipati presha, kwa hiyo kinaweza kuwa na ufa na kisidondoshe hata tone. Pachika kwa muda kipande cha mpira unaopitisha mwanga, urefu wa kiganja, kati ya kipira na mashine. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia nyuma yake. Mara nyingi mkosaji ni oringi ya kichwa cha kuunganishia, au mpira uliokauka pale unapovaa kwenye chuchu ya shaba, umefungwa kwa waya au utepe wa mpira wa tairi. Tumia klipu za chuma kisichoshika kutu, kila ungio lake.

Mpira mpya umemaliza hilo, ila angalia ubora wa kipira. Ndani kuna vali mbili, na kwenye vya bei chee hazishiki. Dukani, kabla hakijagusa petroli, kipulize kwa mdomo: hewa ipite kufuata mshale na igome kurudi. Mshale uelekee mashine, na wakati wa kuminya kisimamishe mshale ukitazama juu, vali zinakaa vizuri zaidi.

Chujio nalo nililitaka kwa sababu ya madumu. Petroli inayokaa kwenye dumu na kumiminwa ufukweni mawimbi yakipiga inaingia maji, hilo halina ubishi. Weka kidogo kwenye chupa nyeupe, iache robo saa: maji ni mazito kuliko petroli, utayaona yametulia chini kama kidonge cha kioo kinachoteleza ukiinamisha chupa. Kidonge kama hicho kikifika kwenye kikombe cha kabureta, kinakaa juu ya jeti (kitundu cha kupitishia petroli) na mashine inakata ghafla, bila kukohoa.

Nimelifunga kati ya tanki na kipira, ni la maikroni 10. Kabla ya kulikaza nililijaza petroli, vinginevyo utaminya hadi mkono uume. Paka oili kwenye sili, kaza kwa mkono tu, spana inapasua. Kila asubuhi unafungua kizibo cha chini, unamwaga hadi itoke petroli tupu. Kizibo ni cha plastiki laini, nyuzi zake hazitadumu, na kwa hilo naliondolea nyota moja. Pia kumbuka kwamba chujio likijaa uchafu linakuletea ugonjwa uleule uliolinunulia: kipira kunywea na mashine kuzima.

Kuna kuzima ambako vifaa hivi havitibu. Mashine inayokwenda vizuri kwa kasi lakini inazima kwenye sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kuongezwa mafuta, ina jeti ndogo iliyoziba. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa ya kabureta, ifunge polepole ukihesabu mizunguko, uandike. Kama hesabu imepotea, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Zibua kwa upepo wa kompresa au unywele mmoja wa waya wa umeme. Sindano inapanua tundu, na jeti haipungui tena.

Plagi nyeusi, iliyolowa, nayo ina maelezo yake hapa kwetu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine iliyosetiwa kwa ajili ya pwani inakula mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Ukiongeza oili kwa kukadiria na kopo, umemaliza plagi. Kwa mashine za 50 kwa 1 ni ml 400 kwa lita 20, oili ya mashine za boti, isiwe ya pikipiki. Soma kibao cha mashine yako kwanza. Plagi ya NGK yenye -10 mwishoni ina pengo la mm 1.0; usiibane kwa kuizoea ya zamani.

Ikizima ikiwa ya moto na kukataa kabisa hadi ipoe, pima moto wa plagi palepale, kabla haijapoa. Koili na CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) mbovu hujificha zikipoa. Tazama pia mkojo wa maji ya kupozea unaotoka pembeni. Ukiwa mwembamba, magugu maji yameziba tundu la kuvutia au impela (feni ya pampu ya maji) imeisha. Na usijaribu mashine nje ya maji hata kidogo, iweke kwenye pipa lililokatwa lenye maji.

Mpira ningeununua tena kesho. Chujio, kama petroli yako inatoka moja kwa moja kituoni hadi kwenye tanki safi, unaweza kusubiri. Ukienda dukani beba kichwa cha kuunganishia cha zamani mkononi, maana kila aina ya mashine ina chake, na vinafanana hadi utakapojaribu kukipachika.