Kozi ya Unahodha wa Yoti, Lamu hadi Malindi: Uzoefu Wangu

Mtu aliyezaliwa Lamu akisema kwamba amelipa ada ili afundishwe kuendesha chombo cha tanga, hana budi kujieleza, nami nimeulizwa barazani mara nyingi mno hata nikaona heri niandike. Nilicholipia si tanga. Nililipia kujifunza kupanga safari: kujua kabla ya kung'oa nanga kwamba saa fulani utakuwa wapi, maji yatakuwa na kina gani hapo, na utakimbilia wapi upepo ukikukatalia.

Mafunzo yalifuata mtaala wa RYA, chama cha waendesha vyombo vya tanga cha Uingereza, kwanza darasani Shela, kisha baharini wakati wa kaskazi. Tofauti ya yoti, chombo cha tanga cha kizungu, na vyombo vyetu iko zaidi chini ya maji. Mashua ikikutwa na maji kupwa hulala kwenye fungu, mabaharia wakachemsha chai wakisubiri maji yarudi. Yoti tuliyotumia ilikuwa na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, unaoshuka karibu mita 2, na ikikwama maji yakiwa yanatoka huinama ubavu, na huenda bahari ikarudi na kuingia ndani kabla chombo hakijainuka. Kwa sababu hiyo Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara ambao sisi huupita kwa mazoea, uligeuka kuwa hesabu. Tulifundishwa kanuni ya sehemu 12: katika takriban saa 6 za maji kujaa au kupwa, saa ya kwanza maji husogea sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha 2, na mwisho 1. Kwamba bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, kila mtoto wa Lamu anajua. Lakini kukaa na penseli ukaona kwamba saa mbili baada ya maji kujaa robo imeshaondoka, na kwamba robo nyingine itaondoka katika saa moja tu inayofuata, ni ujuzi ambao sikupewa na mtu yeyote ngalawani.

Hapo hapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Mazoezi ya maji karibu yote yalikuwa ya Portsmouth, bandari ya Uingereza, pamoja na vitabu vya mikondo ya huko, tukayafanya dirishani tukiiona bahari yetu wenyewe. Aidha, asubuhi nzima ilipotea katika kufunga mafundo ambayo wanafunzi wa hapa walikuwa wakiyafunga tangu utotoni.

Kwenda bisho, yaani kuuendea upepo kwa kukata huku na huku, kwa upande mwingine, kulinifurahisha. Yoti huukaribia upepo kwa takriban digrii 45, na omo, yaani sehemu ya mbele, hupita katikati ya upepo bila taabu, ilhali jahazi hugeuzwa kwa tezi, yaani sehemu ya nyuma, na foromali, mti unaobeba tanga, kuzungushwa mbele ya mlingoti kwa nguvu za watu. Nahodha wa yoti anaweza kufanya kazi hiyo na msaidizi mmoja.

Safari ya mtihani ilikuwa Malindi, takriban maili 75 za baharini. Tuliondoka jioni ili tuikute miamba ya Malindi kwa mwanga wa mchana, uamuzi ambao kila mwanafunzi alitakiwa kuutetea kwa maandishi. Katika ghuba ya Ungwana usiku, kazi ilikuwa kusoma taa: nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo, kijani wa kulia, na ukiziona zote mbili kwa pamoja basi chombo kinakujia. Meli zinazovua kamba, wale wa kuliwa, kwa nyavu za kukokota zina taa zake. Wavuvi wadogo wengine wana tochi tu, na wengine hawana hata hiyo.

Upepo ulilegea, kukapambazuka tukiwa bado Ras Ngomeni. Mwalimu alifunika kioo cha jipiesi, kifaa kinachoonyesha mahali ulipo kwa setilaiti, kwa taulo na kutuambia tutafute mahali tulipo. Tulielekeza dira ya mkononi kwenye majukwaa ya San Marco na Santa Rita, ambako Waitaliano walianza kurusha setilaiti mwaka 1967, kisha kwenye ncha ya rasi, na mistari mitatu ikakutana kwenye ramani na kufanya pembetatu ndogo kama ukucha. Kwa zoezi hilo peke yake ningelipa tena. Mbele zaidi, maji ya mto Sabaki yaliigeuza bahari kuwa ya udongo, kiasi cha kutoweza kuona mwamba kwa macho, na hapo tukategemea kipima kina na ramani.

Ada ilitangazwa kuwa kamili, lakini siku ya kuondoka tukaambiwa kwamba mafuta na chakula ni juu yetu. Betri ya redio nayo ilikuwa dhaifu, jambo lisilosameheka kwa chombo cha kufundishia, kwani chaneli 16 ndiyo ya kuombea msaada. Anayetaka kujiandikisha aulize mambo hayo mawili kwa maandishi kabla ya kulipa, na achague kaskazi, kwa maana wakati wa kusi mawimbi ya mlango wa Shela hayamfai mwanafunzi.